Hadithi Aliyokataa Kuisimulia

Nilipoanza shahada ya uzamivu, mama yangu aliwatangazia majirani wa Malindi kwamba nasomea wendawazimu. Sikumsahihisha. Kumweleza kwamba napima jinsi ubongo ulioumia unavyokumbuka na kupanga mambo kungechukua alasiri nzima, na yeye angekuwa keshatoka kwenda arusini.

Aliyekaribia kunitia wazimu kweli ni bibi mmoja aliyekuwa akiwasomesha watoto wa mtaa Kurani ukumbini mwake, mpaka kiharusi kilipomwangusha. Mkono ulipona, ulimi ukafunguka. Lakini binti yake anayekaa Kibarani alitaka chuo hicho kifungwe, asije mama akasahau mbele ya watoto akaaibika. Bibi hakutaka hata kulisikia. Wakakubaliana wote wawili wanisikilize mimi.

Nikamsomea hadithi ya kipimo: mwanamke kaibiwa mkoba sokoni, mumewe kamgombeza, karudi kwao analia. Baada ya kitambo nikamwomba anisimulie aliyoyasikia. Akaniangalia kwa huruma. Nikamwomba tena.

"Mwanangu, hayo ni ya nyumbani kwa watu," akasema. "Mimi si mpeleka maneno."

Nikamwambia mwanamke huyo hayupo, ametungwa tu. Akanijibu kwamba basi ni uongo, na uongo ndio kabisa hausimulii. Nilimpenda papo hapo, na nilitaka kulia, maana mwongozo ulinitaka niandike sifuri, na sifuri ingefunga chuo.

Msimamizi wangu, mtu wa bara mwenye roho nzuri na subira fupi, aliniambia kwa simu kwamba sifuri ni sifuri. Nikapandisha hasira. Nilimwambia kipimo kisichojua tofauti ya kusahau na kuwa na adabu hakifai kumpima mtu wa pwani. Akauliza kwa upole nitampima kwa kitu gani.

Jibu lilinijia nikikuna nazi jikoni kwa mama. Kwetu kutangaza ya watu ni fitina, lakini ujumbe uliotumwa ni amana, na amana lazima ifike. Nikarudi kwa bibi, nikamwamkia, nikampa ujumbe amfikishie binti yake. Yote yalikuwa kweli, maana yule humdanganyi: kliniki imehama kutoka Jumanne hadi Alhamisi asubuhi, waje na dawa za zamani ndani ya chupa zake, mgonjwa asinywe chai kabla, wapite mlango wa nyuma, wa mbele unapakwa rangi. Binti nilimwomba akifika kesho yake asimwulize lolote, amwache aanze mwenyewe.

Msimamizi amenikubalia nijaribu kipimo hicho kwa wagonjwa wengine, na ndiyo kazi inayonizungusha sasa kutoka Junju hadi Adu. Lakini yeye alikuja kuelewa baadaye. Wa kwanza kuelewa alikuwa binti, aliponipigia simu jioni ya siku ile aliyofika kwa mama yake. Alisema mama hakumngoja hata avue viatu. Alimfikishia yote, mpaka rangi ya mlango, na akaongeza salamu zangu, ambazo sikuzituma. Kitaalamu hilo ni kosa. Sikulihesabu.

Kisha nikasikia anavuta kamasi.

"Nilishaigawa mikeka yote ya watoto wa chuo," akasema. "Niambie, mipya mizuri nitaipata wapi?"