Siku Niliyowafundisha Watoto wa Mkonge Kuogelea

Nikianza kusimulia haya mke wangu huinuka akaenda jikoni, maana bado anaona aibu kwa niaba yangu, lakini nyinyi ni watu wangu, acha niseme tu.

Ilikuwa miaka ya sabini, nikifundisha shule ndogo ya watoto wa vibarua kwenye shamba moja la mkonge karibu na Voi. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa amezama kwenye bwawa la kiwanda, tukamzika, na wazazi wakamwomba meneja kikaoni awaruhusu watoto kutumia kidimbwi cha kuogelea cha klabu ya wakubwa, wajifunze. Meneja akasema sawa, lakini nani atawafundisha? Kikao kizima kikanyamaza. Mimi kimya hunishinda (ndio ugonjwa wangu), nikanyoosha mkono.

Sasa mimi ni Mtaita wa Bura, mtu wa milimani, maji ya kwetu ni ya mfereji, yanakuishia kwenye kifundo cha mguu. Wiki tatu niliwalaza watoto kifudifudi juu ya madawati, wakirusha mikono na miguu, nami napita nikiwasahihisha kwa rula, huku usingizi umenitoroka na kila asubuhi naomba mvua, naomba kidimbwi kipasuke, naomba hata malaria. Hakikuja kitu ila Jumamosi.

Wazazi wote walifika kidimbwini. Meneja akasema, "Haya Mwalimu, tangulia tuone. Mambo yakiwa sawa, kila Jumamosi ni yenu. Ikiwa ni mchezo, nafunga geti." Nikatafuta upande wenye kina kifupi, nikaona ngazi ya chuma, nikajiambia ngazi huwekwa mahali pa kuingilia, na mahali pa kuingilia lazima pawe pafupi (hesabu ya mtu wa milimani hiyo), nikajitupa.

Jamani, miguu haikukuta kitu! Nikarusha mikono vile vile nilivyofundisha, na watoto, Mungu awabariki, wakadhani ndio somo, wakawa wanahesabu kwa sauti, "Moja! Mbili! Moja! Mbili!" nami kila mbili nameza maji, nikimwaza yule mtoto tuliyemzika, na geti linalofungwa kwa sababu yangu.

Mara nikashikwa kola. Alikuwa Mama Atieno, kibarua wa kuanika mkonge, mzaliwa wa kule ziwani, ameruka na gauni lake la kanisa, akanikokota hadi ukingoni kama mzigo wa kuni.

"Kumbe unajua kuogelea?" nikamuuliza nikitapika maji.

"Tangu utoto, Mwalimu."

"Na siku ya kikao mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nafikiria vile nitaanza kusema. Wewe ukanyoosha mkono."

Meneja alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamuuliza kama angekuja kila Jumamosi kufundisha.

"Nitakuja," akasema. "Lakini huyu naye aanze na darasa la kwanza."

Basi Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye mstari, katikati ya watoto wanaonifika kiunoni, nimeshikilia ukingo, na Mama Atieno anapita akitusahihisha kwa rula yangu mwenyewe. Nilijifunza, polepole. Na siku hizi kikao kikinyamaza, mimi huukalia huu mkono, nikaangalia kwanza ni nani anafikiria vile ataanza kusema.