Vioo kwa Kimo cha Kaka

Kaka yangu mkubwa anaishi Ubungo, na Jumapili akija kwetu Mbagala huwa anakuja kutengeneza. Hakuna anayemwita. Anashuka na begi lake la vifaa, ambalo ndani lina spana moja, plaizi iliyolegea na supa gluu za kutosha mtaa mzima, anawaamkia Baba na Mama shikamoo ya harakaharaka, kisha anazungusha macho kutafuta kitu cha kuharibu. Bomba la uani alilitengeneza; tangu siku hiyo tunachota maji kwa jirani. Kitasa cha choo nacho alikitengeneza, na sasa mgeni akiingia inabidi aimbe ili watu wajue kuna mtu.

Jumapili hiyo macho yake yaliangukia pikipiki ya Baba.

Vioo vilikuwa vimelegea, kweli. Njia ya kwetu ni mashimo matupu, na Baba akifika Barabara ya Kilwa vyote viwili vinakuwa vimeinama, vinatazama magoti yake. Anasimama, anavinyanyua, anaendelea. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini Baba alifanya kazi kwenye mashine za kusaga mpaka masikio yakafa. Ukitaka kuongea naye unakaa mbele yake asome midomo. Lori likipiga honi nyuma yake, hana habari nalo. Anachokijua cha nyuma ni kile anachokiona kwenye vioo, na kila alfajiri huko nyuma amekaa Mama na gunia la nazi za kuuza sokoni.

"Kaka, kuna nati pale chini ya kioo," nilimwambia. "Ilegeze, Baba akae juu aweke vioo anavyotaka, ndiyo ukaze."

"Mdogo wangu, mambo ya pikipiki niachie mie."

Spana yake haikuenea. Akachukua plaizi, akaitafuna nati mpaka pembe zote zikaisha, halafu akawalaumu waliotengeneza pikipiki. Hapo akatoa supa gluu. Akapanda yeye, huyo mrefu kama nguzo, akavizungusha vioo mpaka akaridhika, akajitazama na nywele zake kidogo, akamwaga gundi kwenye viungo vyote. Ilipokauka akavitikisa kwa nguvu.

"Chezea! Hata uning'inie havitoki."

Ni kweli havikutoka. Katika maisha yake yote, hicho ndicho kitu pekee alichokikaza kikakazika.

Baba aliporudi kutoka msikitini alikaa kwenye siti. Baba ni mfupi. Urefu Kaka aliurithi kwa wajomba. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mkono aviinamishe. Havikusogea. Nikasogeza kichwa changu karibu na chake nione anachoona. Tuliona waya za umeme na bati la jirani.

"Sioni barabara," alisema Baba.

Kaka akaja mbele yake akapaza sauti, kama vile kelele zinasaidia. "Mbona mie naona vizuri, Baba? Labda na macho sasa yameanza." Kisha akatugeukia mimi na Mama kwa uso wa mtu aliyeteremshiwa hekima. Baba hasikii, sasa haoni, muda wa kupumzika umefika. Yeye angekaa kwetu wiki nzima, ampeleke Mama sokoni mwenyewe.

Ningemheshimu angalau kama angekuwa amepanga kumnyang'anya Baba pikipiki. Anayepanga ana akili. Kaka hakupanga kitu. Alimwaga gundi mahali pasipofaa, kisha akamwona mzee wa watu ndiye mbovu.

Baba akachomoa ufunguo, akampa. "Kama wewe unaona, haya." Iliniuma kuuona ule mkono, na iliniuma zaidi kumsikia Kaka akijibu asante, kana kwamba amesifiwa.

Kesho yake alfajiri wakaondoka. Baba alikaa kibarazani na helmeti mapajani asubuhi nzima, hata chai hakunywa. Mchana waliporudi, Mama alishuka hata pikipiki haijasimama sawasawa, akaenda moja kwa moja kuchuchumaa mbele ya Baba, akamwambia polepole ili midomo isomeke:

"Huyu hajatazama kioo hata mara moja. Kwenda na kurudi. Nilikuwa nyuma namwangalia."

Kaka akacheka. "Mama, mie si nina masikio?"

"Masikio umeyaziba na miziki."

Waya za spika za masikioni zilikuwa bado zinaning'inia shingoni mwake, singeli inasikika mpaka mlangoni.

Baba akanyoosha kiganja. Kaka akanitazama nimtetee. Mimi nikautazama ufunguo mpaka akauweka pale. Baba akavaa helmeti, akafunga mkanda wake vizuri, akashika usukani. Hakupanda. Alianza kuisukuma pikipiki akitembea kwenye mashimo yale, kuelekea kwa muuza spea akafungiwe vioo vingine. Mama, ambaye alikuwa hajanywa hata maji, akamfuata, akashika siti kwa nyuma, akawa anasukuma huku kila mara anageuza shingo kutazama kinachokuja.

Kaka aliwaangalia mpaka wakakata kona. Kisha akaniuliza kwa nini hawaipandi tu.