Shangazi na Sauti ya Nne

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea kule Ntalikwa enzi za Mwingereza, katika nyumba iliyonukia asali na moshi wa kuni. Jumapili tulikwenda kanisani mjini kwa miguu, tukiifuata ile njia ya zamani ya misafara, naye akiimba sauti ya kwanza tangu mlangoni.

Nilikuwa msichana mkubwa alipoanza kubadilika. Viatu vilimbana, vidole na pua vikanenepa, taya likatokeza mbele. Kichwa hakikuacha kumuuma. Sauti nayo ikashuka, ikawa nzito kama ya mwanamume. Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakaacha kununua asali yake.

Nikampeleka hospitali. Daktari, Mzungu wa makamo aliyekijua Kiswahili, aliishika mikono yake akaigeuzageuza.

"Mama, chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Yako inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana viungo vinazidi kukua."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ugonjwa huu huwapata wanaume na wanawake sawasawa, hasa watu wazima."

"Tuko wengi?"

"Wachache mno. Tangu nije nchi hii, wewe ni wa pili."

"Na wa kwanza yuko wapi?"

Alikuwa mfugaji wa kijiji cha Choma. Daktari aliwaita siku moja, wakakaa benchi moja pale barazani. Walisalimiana kwa haya, kisha mfugaji akanyoosha kiganja, shangazi akakibandika chake juu yake.

"Kwa mkono umenishinda," alisema shangazi, "lakini kwa pua, hunipati!"

Walicheka hadi wauguzi wakatoka kuchungulia. Miezi mingi sikuwa nimemsikia akicheka.

Dawa ya kuiponya tezi ile haikuwepo; alipewa vidonge vya kichwa tu. Lakini Jumapili iliyofuata alimwendea mwalimu wa kwaya.

"Nihamishie kwa wanaume."

Akaimba sauti ya nne miaka kadhaa, kiganja chake kikubwa kikiwa kimeshika kitabu cha nyimbo, na watu wakazoea, hata wakaipenda. Mfugaji akawa anatuletea samli kila alipokuja mjini.

Moyo, nao uliokuwa umekua, ndio uliomuua shangazi, nami nikiwa nimeshaolewa. Mfugaji alifika msibani akakaa nasi hadi matanga yakaisha. Nilimpikia ugali wa mtama na mlenda, nikamtazama akila taratibu, nikahisi bado nina mtu wa upande wa shangazi.