Kichupa Kimoja, Macho ya Boma Zima

Binti yangu alikuwa nasari alipopasuliwa jicho la kulia huko Kajiado, kuondolewa mtoto wa jicho. Daktari alinipa kichupa cha dawa. "Mama, weka tone asubuhi, mchana na jioni. Usiache mpaka urudi."

Nikauliza ya nini, na jicho limeshatengenezwa. Akaangalia leso yangu, akaangalia foleni. "Wewe weka tu."

Nikaweka. Lakini tulikaa Kitengela, karibu na machimbo ya mawe, na kwa vumbi lile kila mtu bomani alikuwa anajikuna macho. Mama mkwe, ambaye namwita Yieyo, akajaribu tone moja, akasifu ubaridi wake. Shemeji akafuata. Jirani alikuja kuazima sufuria, akaondoka na sufuria na tone. Nilipokataa, Yieyo alicheka. "Mama mtoto, maziwa ya ng'ombe mmoja yanatosha boma. Jicho la huyu ni safi kuliko langu. Unamfichia nini?"

Na kweli lilikuwa safi. Ningemjibu nini? Weka tu?

Kichupa kikaisha mapema. Jicho likawa jekundu, mtoto akawa anajificha nyuma ya mlango kukimbia mwanga. Nikambeba mpaka Kajiado.

"Umezembea, mama," daktari akasema.

"Nilikuuliza dawa ni ya nini. Hukunijibu. Nijibu sasa. Niko na form four, na hata ningekuwa sina, mtoto ni wangu."

Akaweka kikombe chake cha chai mezani, akavuta kiti. Akasema ndani ya jicho kuna maji, na jicho likikatwa, hata kwa ustadi, linamwaga ndani ya hayo maji kemikali ndogo sana, kama wajumbe, za kuita uvimbe. Nje utaona jicho safi, kumbe ndani wajumbe bado wanaita. Dawa ndiyo inawanyamazisha. Ukiikatiza, wanaita upya, na uvimbe ukikaa unaharibu jicho.

Basi. Hata chai yake haikuwa imepoa.

Kichupa cha pili nilikifunga kwa uzi, nikakivaa shingoni ndani ya blauzi. Yieyo akaja na jicho wazi, tayari. Nikamweleza habari ya wajumbe. Akatoka, nikamsikia langoni akimwambia jirani, "Leo utapata sufuria peke yake. Jicho la mtoto halijapona ndani."

Alielewa mara moja. Angeelewa hata siku ya kwanza.

Jicho lilitulia, lakini halikurudi lote. Binti yangu anakaa dawati la mbele, na bado anageuza kichwa ili asome ubaoni kwa jicho la kushoto.