Salamu ya Recho kwa Mama Yake

Recho, binti wa dada yangu Marcelina, anasomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam. Anachunguza seli za ubongo zinazozihudumia seli nyingine, kuzilisha na kuzilinda, kwani hizo zikichoka, kumbukumbu hupotea. Mwezi uliopita alikuja kwetu hapa Buzebazeba. Mama yake ameanza kusahau watu, naye Recho alitaka mama amtambue angalau mara moja kabla hajasahau kila kitu.

“Shikamoo, mama. Ni mimi, Recho.”

Dada alimtazama kama anavyomtazama muuguzi yeyote. Akaweka viganja tayari, akisubiri makofi ya salamu ya Kiha, ambayo zamani kila mtoto alimpigia mkubwa akiwa magotini. Recho alibaki amesimama. Hakuwahi kufundishwa; Marcelina mwenyewe aliyapiga marufuku nyumbani kwake, eti ni ushamba. Siku hizi mji mzima umeyaacha, na watoto wananiamkia huku wakitazama simu.

“Mgeni gani huyu asiyejua kusalimia?” dada akauliza.

“Mjomba, nifundishe,” Recho alisema, machozi yakimlenga.

“Daktari mzima! Haya, magoti chini.”

Nilimfundisha uani. Kisha alirudi ndani, akapiga magoti, akaanza makofi taratibu. Uso wa dada ukachangamka. Aliitikia kwa makofi yake mpaka mwisho, bila kukosea.

Recho akamshika mikono. “Mama, umenijua?”

Dada alinigeukia mimi. “Binti wa nani huyu? Wazazi wake wamemlea vizuri.”