Vidole Vilivyocheza Vyenyewe

Nilipokuwa mtoto kule Murungu, vidole vya mguu wangu wa kushoto vilikuwa vikicheza vyenyewe. Nimekaa zangu, nimetulia, navyo vinajikunja na kujikunjua kama vya mtu anayekanyaga matope. Pamoja navyo yalikuja maumivu, moto ulioshuka kutoka gotini hadi kwenye unyayo. Mama alishinda shambani, kwa hiyo aliyenikanda kwa maji ya moto ni jirani yetu Bibi Sabina, mjane aliyeishi peke yake. Hakuniuliza nimepita wapi wala nimemkosea nani. Aliuliza tu, "Hapa? Au hapa?"

Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Kasulu, akaviona vidole vile, akaita mganga. Mganga alinichanja miguu yote miwili, akapaka unga mweusi, akasema nimeruka kitu kilichofukiwa njiani, na aliyekifukia ni mtu anayeushika mguu wangu.

"Si yule bibi!" Shangazi akadakia. "Kumbe anakuja kuangalia kazi yake!"

"Ananikanda," nilisema.

"Nyamaza wewe. Umeshafungwa akili."

Wiki hiyo hiyo mihogo ya Bibi Sabina iling'olewa yote, mlango wake ukapigwa mawe. Baba, aliyekula ugali wa bibi yule mara nyingi, alibaki ndani akisikiliza redio. Bibi akaondoka asubuhi, godoro limefungwa kwenye baiskeli ya mkwewe, kwenda kwa binti yake kijiji cha Nyakitonto. Alifia huko. Vidole vyangu viliendelea kucheza, na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, tumekosea.

Sasa nina watoto wangu. Nimepimwa damu, nimepigwa picha za mgongo. "Mama, ni mishipa ya fahamu," daktari aliniambia, "lakini chanzo chake hatukijui." Nilimshukuru kwa kusema hivyo.

Mwaka jana Shangazi aliniona nimevua soksi. "Yule bibi alikuharibu kweli," akasema.

Nikaivaa soksi tena. "Alishakufa, Shangazi. Sasa anavichezesha nani?"

Akageukia dirishani, akasema mvua inakuja.

Maumivu nimeyazoea, kadiri mtu anavyoweza kuyazoea. Sijui yanatoka wapi, na ninaishi hivyo hivyo bila kujua. Wao hawakuweza kukaa bila kujua hata msimu mmoja, wakamfukuza mtu nyumbani kwake. Hilo sijalizoea, wala sitaki kulizoea.