Picha za Mfaransa sebuleni kwa madam, na mama aliyechorwa na mtoto wangu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi huwa nasoma tu nikinyamaza, lakini leo acha niseme. Siongezi chumvi, haya yalinipata mwenyewe.

2014 niliingia Jeddah, Aziziya, kazi ya nyumba. Neema wangu nilimwacha Nakuru na mum, bibi yake anayemwita shosho, hajafikisha miaka miwili.

Sebuleni kwa madam kulikuwa na picha nne za zamani za Kifaransa, zile za kuchapwa kwenye karatasi, ndani ya fremu. Ati ni watu wa China na nchi za mbali huko Asia. Mmoja ni mwanamke ana manyoya kichwani, kucha ndefu kama vijiko, na tumbili miguuni. Kila asubuhi nazipangusa vumbi.

Mwenzangu wa jikoni, Mwindonesia, alisema kwao Asia hajawahi kuona kiumbe kama huyo. Baba, mume wa madam, akacheka. Akatuambia aliyechora hakuwahi kutoka Ufaransa. Alisikia habari tu, mengine akajijazia.

Nilimcheka huyo Mfaransa wiki nzima.

Sasa mnajua tabia yetu sisi wa Gulf. Picha ya kutuma nyumbani lazima ipigwe sebuleni kwa bosi. Ijumaa wakitoka, nakalia kile kiti cha dhahabu, abaya safi, lipstick, click. Ya apron na vidole vilivyobabuka na sabuni, hiyo mum asione, atalia.

Contract ikaisha, nikaongeza. Simu zilikuwa za sauti tu, dakika chache, mtoto mara amelala mara yuko nje anacheza.

Siku moja mum akanitumia WhatsApp kitu Neema amechora nursery. Teacher aliwaambia wachore mama. Kiti kikubwa cha njano, nguo nyeusi, midomo myekundu. Mikono hakuna, miguu hakuna.

Mtoto wangu amenichora kwa kusikia, wakuu. Nililia mpaka madam akauliza kama nimefiwa.

Nikamwomba madam ruhusa ya video call, akakubali, Mungu ambariki. Sikubadilisha nguo. Nilikaa vilevile na apron, nywele za matuta, nyuma yangu sinki. Nilitaka anione mimi.

Neema aliniangalia kwa muda. Akamrudishia mum simu.

"Shosho, huyu ni nani? Mimi nataka mama."

Hapo nilikwisha.

Dada uliye Riyadh au Jeddah, tuma picha ukiosha vyombo. Mum atalia, wacha alie, bora mtoto akujue.

Mlioacha watoto wadogo, wenu waliwazoea baada ya muda gani? Nipeni ukweli, hata kama ni mchungu. Mimi nilisharudi, wangu ni mkubwa sasa, tunaishi pamoja na tunaelewana. Lakini akiugua anaita shosho, na mimi nasimama hapo mlangoni nimeshika dawa.